Inspekta Hapendi Kelele

Jana asubuhi nimeingia kwa nyumba ya binti yangu hapa Yamumbi, nikakutana na harufu ya ile dawa nyeusi ya kuoshea zizi, ile ambayo ukiitia kwa maji inageuka nyeupe kama maziwa. Nikakaa chini kabla sijaambiwa karibu. Si magoti yaliyonikalisha. Ni pua.

"Betty," nikasema, "leo unaosha ng'ombe gani?"

"Mama, ni mtu wa ofisi ya elimu anakuja. Anataka kuona mahali watoto wanasomea."

"Anakuja kuona watoto ama anakuja kuona sakafu?"

"Vyote viwili," akasema, akaendelea kusugua.

Betty anafundisha watoto wake nyumbani. Sababu zake ni zake, na mimi siku ya kwanza nilisema yangu nikamaliza. Lakini nimeona vile serikali inamtembeza. Leo aambiwe alete vyeti vya kuzaliwa, kesho aonyeshe kwamba watoto wako kwa masomo yote: Hesabu, Kiingereza, Kiswahili, Sayansi, Dini, Kilimo, Sanaa, mpaka lugha ya nyumbani. Hapo kwa lugha ya nyumbani ameandika jina langu. Mimi ambaye shule niliisikia kwa mbali, kama kengele ya kanisa la watu wengine, leo ni mwalimu kwa karatasi. Mjukuu wangu mkubwa, anayeniita Kukhu, yaani nyanya, akanifundisha namna ya kujibu.

"Kukhu, akikuuliza, mwambie uko na experience."

"Hiyo ni kitu gani?"

"Ni uzee, Kukhu. Lakini ule wa kulipwa."

Mtoto hana adabu, lakini nilicheka. Nacheka hivyo, ile harufu ilikuwa imeshanichukua na kunirudisha mahali ambapo sijaenda kwa kichwa changu miaka mingi.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kwa mashamba makubwa ya Uasin Gishu mnaijua. Baba yangu alikuwa nyapara wa zizi kwa shamba moja la ng'ombe wa maziwa, upande wa Plateau. Yeye na mama walitoka Kakamega kutafuta kazi, na mimi na ndugu yangu Zakayo tukazaliwa pale pale, kwa zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja kama meno. Dawa ile ilikuwa kwa mikono ya baba, kwa kofia yake, hata kwa tonge la ugali alilotukatia. Nilikuwa nafikiri hiyo ndiyo harufu ambayo Mungu amewapa wanaume wote, na nilipokutana na mwanaume wa kwanza asiyenuka hivyo, ambaye alikuwa mhubiri, nilimwonea huruma.

Zakayo alinifuata mimi kuzaliwa. Alikuwa mtoto wa kucheka sana, mwenye meno makubwa, na alikuwa na kifafa. Tulipelekwa shule pamoja, ng'ambo ya mto. Hatukukaa. Alianguka darasani, na watoto wakatoka kwa madirisha kama kuku walioingiliwa na mwewe. Mwalimu naye alitoka, akaenda kusimama karibu na mlingoti wa bendera. Siku zile watu waliamini kwamba povu la mdomoni likikugusa, na wewe umepata. Nilibaki ndani peke yangu na yeye. Jioni tukarudishwa na ujumbe: msichana anaweza kuja, mvulana hapana.

Mama alikuwa anachagua mtama kwa ungo. Hakuinua kichwa.

"Mate ya mtoto wangu si sumu," akasema. "Kama mmoja hatakiwi, wote watabaki."

Hivyo ndivyo shule yetu ilivyoanza. Mama alikuwa amesoma mpaka darasa la nne kwa wamisheni huko kwao, na kile alichobeba kutoka huko alikuwa hajakimwaga hata tone. Aliomba ubao wa sanduku lililovunjika, akaupaka ule weusi wa ndani ya betri za redio akiuchanganya na maji ya majani, na ukikauka unaandikika. Chaki ilikuwa muhogo mkavu. Tukiona njaa tulikula chaki, na mama akirudi kutoka kuchuma pareto anauliza, "Nani amekula somo la leo?" Zakayo anaficha midomo. Mimi naficha mikono. Yeye anatuchapa wote, halafu tunasoma.

Sasa niwaambie habari ya tebo, maana hapo ndipo pana shina la mambo.

Siku moja tulikuwa tunasema tebo ya sita kwa sauti, sita mara moja sita, sita mara mbili kumi na mbili, Zakayo akaanguka. Mimi nikakatika maneno. Mama akamlaza kwa ubavu, akamwekea shuka chini ya kichwa, akaniambia bila kugeuka, "Endelea."

"Mama, hasikii."

"Wewe unajua yuko wapi? Endelea. Akirudi akute sauti."

Nikaendelea, nikilia. Nikaimaliza nikaianza tena. Mwili wake ulipotulia, na macho yakaanza kurudi kama mtu anayetoka kwa chumba chenye giza, nilisikia mdomo wake unatembea. Alikuwa anasema na mimi. Si yote, maneno mawili matatu yenye ulimi mzito, lakini alikuwa ameshika kamba akavutwa nje.

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba. Akianguka: ubavu, shuka, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, halafu tebo. Mama akiwa kwa pareto na baba kwa ng'ombe, kazi hiyo ilikuwa yangu. Mimi kwa akili yangu ya utoto niliamini tebo yenyewe ndiyo dawa. Niliamini tebo ya saba ina nguvu kuliko ya tano, na ya mbili ni ya mafua tu. Kwa hiyo nilizijua zote mpaka ya kumi na mbili, nikiwa mdogo hivi, si kwa sababu napenda hesabu, ila kama mtu anavyojua mahali chupa ya dawa imewekwa.

Halafu askari wa chifu akaleta barua. Kwamba imejulikana kuna watoto kwa nyumba za wafanyakazi ambao hawaendi shule. Kwamba inspekta atakuja kuangalia kama wanafundishwa masomo yote ambayo watoto wa umri wao wanapaswa kujua. Wakipatikana wako nyuma, msichana ataingizwa shule, na mvulana atapelekwa nyumba ya watoto wagonjwa, mbali, ng'ambo ya Nakuru. Mama aliisoma kwa sauti mlangoni. Alipofika hapo pa Nakuru akasimama, akaisogeza barua karibu na mwanga, akaendelea. Baba alikuwa ameshika kofia kama mtu aliye makaburini.

Masomo yalikuwa yameandikwa chini ya barua, na mama akaanza kuyahesabu kama mtu anayeangalia kama ana vyombo vya kutosha kwa wageni.

"Hesabu iko. Kusoma iko, kuandika iko. Kiswahili iko. Dini," akasema, "Dini iko mpaka inamwagika."

"Kiingereza?" baba akauliza.

"Kiingereza ni wewe, Baba Rasoa."

Baba akaruka kidogo. Kiingereza chake kilikuwa cha zizini, alichoachiwa na mzungu wa kwanza wa shamba lile. Akakohoa. "Shut the gate," akasema polepole. "Steady. Bring the bucket. Bloody fool."

"Hiyo ya mwisho ubaki nayo."

"Ndiyo ninayoijua vizuri."

"Mazoezi ya mwili," mama akasoma. "Hiyo tumpeleke inspekta mtoni, abebe ndoo mpaka hapa, halafu atuambie kama watoto wanapata mazoezi." Akacheka, na sisi tukacheka kwa sababu yeye amecheka. Halafu akafika mwisho wa karatasi. "Jiografia."

"Hiyo ni nini?" baba akauliza.

"Hiyo ilikuwa ya darasa la tano," mama akasema, akaikunja barua.

Kila mzazi alitayarisha anachokijua. Mama alituwekea masomo kichwani asubuhi na jioni, mpaka Zakayo akawa anataja vitabu vya Biblia akiwa amelala. Baba naye alijua kitu kimoja kuhusu ukaguzi, na alikijua kuliko mtu yeyote: daktari wa ng'ombe.

Daktari yule alikuwa anakuja shambani kuangalia ng'ombe wa maziwa. Siku hiyo baba alikuwa mtu mwingine. Sakafu ya zizi inaoshwa kwa dawa, mikia inachanwa, ng'ombe wanapangwa kwa kimo, na yule wa kelele anapapaswa shingoni mpaka anyamaze. "Ng'ombe mzima anasimama kimya," baba alikuwa akisema. "Ng'ombe akilia, daktari anaanza kutafuta ugonjwa." Daktari anapita nyuma yao na kopo la rangi. Aliyeshindwa anapakwa alama kwa paja. Hapigwi, hafokewi, alama tu. Kesho yake linakuja lori la kichinjio. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mweupe niliyempenda, alikuwa akilamba chumvi kwa kiganja changu. Alipakwa alama. Nililiona lile lori likipinda kwa miti ya mikaratusi, na pembe zake juu ya mbao.

Kwa hiyo siku ya inspekta, mama akiwa ameenda kuomba kiti kwa jirani, baba alituingiza mikononi mwake. Aliosha sakafu yetu ya udongo kwa ile dawa mpaka macho yakatuwasha. Akatuosha miguu kwa hiyo hiyo. Akaangalia masikio, akaangalia meno. Akatusimamisha kwa ukuta, mimi mbele kwa sababu ni mrefu, Zakayo nyuma yangu, akatuvuta mabega yakanyooka.

"Sikieni," akasema kwa sauti ya chini. "Inspekta hapendi kelele. Mtu asicheke, asiseme, asijikune. Akiwagusa msiruke. Mkisimama vizuri, atapita aende zake. Mmesikia?"

"Ndiyo, Baba."

"Hapana ndiyo. Kimya."

Tukanyamaza. Akatupapasa shingoni, kwanza mimi, halafu Zakayo. "Steady," akasema. Halafu akarudia kutupapasa tena. Ng'ombe alikuwa akiwapapasa mara moja tu.

Inspekta alikuja kwa pikipiki, amevaa koti la mvua, suruali ameifunga kwa vibanio asishikwe na mnyororo. Alikuwa mtu mwembamba wa miwani, mwenye haraka lakini si mkali. Mama alimkaribisha, akampa kile kiti cha jirani, akasimama pembeni amefunga mikono mbele. Baba alisimama mlangoni.

"Haya watoto, hamjambo?"

Kimya.

"Wewe msichana, unaitwa nani?"

Nilitazama ukuta wa mbele.

"Sita mara saba ni ngapi?"

Arobaini na mbili ikanijia kooni kama mbegu ya embe. Nikaimeza. Akaenda kwa Zakayo, akampa kitabu. Zakayo alikishika bila kukitazama, kidevu juu, macho mbele. Hata ng'ombe bora wa baba hajawahi kusimama hivyo. Na kule mlangoni niliona uso wa baba umejaa furaha kabisa, na pembeni niliona uso wa mama unaanguka, nikashindwa kuelewa kwa nini hawaoni kitu kimoja.

"Mama," inspekta akasema, "watoto hawa ni mabubu?"

"Si mabubu! Jana wamepiga kelele mpaka nimewachapa!"

"Leo nitaandika nini? Niandike jana walipiga kelele?"

"Rasoa," mama akaniambia, "jibu mwalimu."

Nikamtazama baba. Baba akatikisa kichwa kidogo sana: vizuri, hivyo hivyo.

Inspekta akashusha pumzi. Alionekana amechoka, na nafikiri hakupenda alichokuwa karibu kufanya. Akafungua mkoba, akatoa karatasi, akatoa mhuri wenye mkono wa mbao, halafu akatoa kikopo bapa cha bati. Akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na rangi ya zambarau.

Mimi macho yangu yakaenda kwa paja la Zakayo.

Sijui nilivyotoka pale ukutani. Najua nilikuwa mbele ya ndugu yangu nimetanua mikono, na ninapiga kelele. "Usimpake rangi! Sita mara saba ni arobaini na mbili! Sita mara nane ni arobaini na nane! Yeye ni mzima, anasimama tu kimya! Usimpake!"

"Rangi gani?" inspekta akauliza, kikopo mkononi.

Mama alikuwa wa kwanza kuelewa. Aligeuka polepole kuelekea mlangoni.

"Baba Rasoa. Umewaambia nini hawa watoto?"

"Nimewaambia wasimame kimya. Kama inavyotakiwa."

"Inavyotakiwa na nani?"

Baba akavua kofia. "Na daktari," akasema.

Inspekta akaweka kikopo chini, akavua miwani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa koti la mvua. "Mzee," akasema, "mimi wangu nawataka walie! Asiyelia ndiye ninayemwandika mgonjwa!"

Baba akaja, akampiga Zakayo begani kiganja kimoja, vile alivyomruhusu ng'ombe kutoka kwa mstari. "Haya," akasema. Na Zakayo, ambaye alikuwa amejaa mpaka shingoni, akafunguka. Alimwaga vitabu vyote vya Biblia. Alisoma ukurasa mzima wa kile kitabu bila kupumua. Akasema, "Shut the gate! Steady! Bring the bucket! Bloody fool!" Mama akafumba macho. Inspekta aliinama kuandika, lakini niliona sikio lake linacheka.

Mimi nikaulizwa tebo, nikajibu. Nikaulizwa mbegu inaotaje, nikajibu. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba hakuna lori litakalokuja, na ni hapo hapo nilisikia kile kishindo nyuma yangu.

Alikuwa ameanguka vibaya, karibu na mafiga. Kiti cha jirani kikapinduka, na inspekta alikuwa amesimama na mgongo kwa ukuta. Hakutoka nje. Hilo nitalisema mpaka nife, kwa sababu nilikuwa nimeona mwalimu akitoka. Alibaki pale, rangi imemtoka, na akaona.

Mama na baba hawakusogea. Si kwa kukosa upendo. Ilikuwa kazi yangu, na walijua naijua. Nikamlaza kwa ubavu. Nikavua sweta langu nikaliweka chini ya kichwa. Nikachagua ya saba, kwa sababu siku hiyo ilikuwa nzito. Saba mara moja saba. Saba mara mbili kumi na nne. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mama alivyonifundisha, si ya kulia na si ya haraka. Niliimaliza, nikaianza tena, nikaimaliza, nikaianza. Nje nilisikia ndama wakilia kwa sababu wakati wao wa maziwa ulikuwa umepita, na baba hakwenda. Halafu macho ya Zakayo yakaanza kurudi, na ule mdomo ukatembea. "Sitini na tatu," akasema kwa ulimi mzito. Alikuwa amekosea mahali, mimi nilikuwa bado kwa hamsini na sita. Lakini alikuwa amerudi.

Inspekta akainua kiti mwenyewe, akakaa.

"Hufanya hivi kila akianguka?"

"Ndiyo," mama akasema.

"Na huyu msichana ndiye hukaa naye kila siku?"

"Ndiyo, bwana."

Alitazama ile karatasi muda mrefu. Akasema Zakayo hatapelekwa popote, ataandika kwamba anasoma hapa nyumbani na anasoma vizuri. Kule ng'ambo ya Nakuru, akasema, watoto ni wengi na hakuna wa kumkalia hivyo. Mama akashika ukuta. Halafu inspekta akaendelea, na sauti yake ikawa laini, na mimi nikaiogopa hiyo laini kuliko kikopo.

"Lakini huyu msichana hana ugonjwa. Huyu ana kichwa, mama. Shule iko pale ng'ambo tu. Nitampeleka mimi mwenyewe kwa mwalimu mkuu."

Mama akamtazama baba. Baba akatazama sakafu yake iliyooshwa.

Basi inspekta akanigeukia mimi. "Rasoa. Wewe unasemaje?"

Kwa maisha yangu yote mpaka siku ile, mtu mzima hakuwa ameniuliza nataka nini. Nilitumwa tu. Nami nilikuwa nataka. Msidhani sikutaka. Nilikuwa nawaona wasichana wakivuka mto na magauni ya buluu, viatu wameshika mkononi visilowe, na nilikuwa nimechagua kwa kichwa changu yule ambaye tutakaa dawati moja. Lakini kichwa cha Zakayo kilikuwa kwa mapaja yangu, kizito vile kinavyokuwa akimaliza, na mate yake yamelowesha nguo yangu.

"Na tebo atasema nani?" nikauliza.

Nataka mnielewe hapo. Lilikuwa swali. Nilikuwa nauliza, nikingojea mtu mzima mmoja aseme, "Mimi." Mama alikuwa na pareto tangu alfajiri, akikosa siku anapoteza nafasi yake kwa mstari wa wachumaji. Baba alikuwa na ng'ombe ambao hawajui Jumapili. Nilimtazama mmoja, nikamtazama mwingine. Walikuwa wamenyamaza, na inspekta alingoja kwa heshima, halafu akainamisha kichwa akaanza kuandika. Mimi niliuliza. Wao walisikia jibu.

Akagonga mhuri kwa karatasi, wala si kwa mtu. Akasema masomo yote yako isipokuwa Jiografia, na akirudi muhula mwingine ataiuliza. Akafunga vibanio vya suruali, akaenda. Hakurudi tena. Tulisikia amehamishwa, na aliyekuja nyuma yake hakuwa na habari na sisi.

Sililii jambo hilo. Zakayo alikua, dawa za hospitali zikapatikana pale Plateau, akaacha kuanguka, akawa fundi wa viatu, akaoa, na mpaka leo ananipigia simu Jumapili kunisengenyea wachungaji. Angepelekwa mbali, sijui kama ningekuwa na ndugu. Mtu akipewa kitu kikubwa hivyo hakai akihesabu alichotoa. Lakini nimekuwa mama, nimekuwa nyanya, na nimejifunza hivi: mtoto akiuliza nani atafanya, usikimbilie kuandika. Mjibu kwanza. Hata kama jibu ni kwamba hakuna mtu, mwambie kwa mdomo, alisikie, ajue ni dunia iliyomkatia njia na si yeye aliyejikatia.

Asubuhi iliyofuata mama hakwenda kwa pareto, akaacha nafasi yake ipotee. Alikuwa amemwuliza mke wa karani wa shamba Jiografia ni nini, akaambiwa ni kujua wewe uko wapi na vitu vingine viko wapi. Akatuchukua sisi wawili, tukapanda mpaka juu ya shamba la ngano, pale ambapo ardhi inainuka na upepo hauna kizuizi. Umande ulikuwa umetulowesha mpaka magoti.

Alitusimamisha, uso kwa jua.

"Huko ni mashariki," akasema. "Jua linatoka hapo kila siku, halipotei. Mkono wa kulia ni kusini. Nyuma yenu ni magharibi. Geukeni. Mnaona ile milima ya Nandi? Nyuma yake, mbali, ndiko kwetu, ndiko mama yangu amezikwa. Kakamega hamwezi kuiona. Lakini iko."

Akatuonyesha zizi la baba, dogo kama kiberiti. Akatuonyesha barabara ya Eldoret, na moshi wa mji, na reli ambayo hatukuiona lakini tukasema tumeiona. Akatuonyesha mto. Alikuwa anaenda vizuri, kidole kinatembea, mimi na Zakayo tunarudia kila jina. Kidole kikavuka mto, kikapita haraka.

"Mama," Zakayo akasema, "na kile kinachong'aa pale?"

Yalikuwa mabati. Jua lilikuwa limeyapiga, na ukitazama sana unaona vitu vidogo vya buluu vinaingia chini yake, kimoja kimoja.

Mama akafunga kitambaa chake upya, ingawa hakikuwa kimefunguka.

"Ile ni shule," akasema. "Iko kaskazini."

Akangoja.

"Rasoa, sema."

"Shule iko kaskazini," nikasema.

"Vizuri," mama akasema, na tukashuka.